Kuhifadhi nyaraka za wahamiaji na za wapenzi wa jinsia moja Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyeachiwa sanduku: mtoto wa mfanyakazi aliyeletwa kutoka Kasai au Rwanda kuja kuchimba shaba, mjukuu wa mwenye duka Mgiriki, rafiki wa marehemu ambaye ndugu zake hawakujua alimpenda nani. Nyaraka za makundi haya tumeziweka pamoja kwa kuwa zina ugonjwa mmoja. Karatasi ikitunzwa, mtu hasahauliki. Karatasi hiyohiyo ikiangukia mikono mibaya, mtu anafukuzwa nyumbani kwake. Ndiyo maana humu mambo ya mchwa na unyevu yamechanganyika na mambo ya majina na siri.

Sanduku limejaa takataka. Kipi kibaki, kipi kitupwe?

Siku ya kwanza usitupe kitu. Vinavyotupwa mapema ndivyo vinavyotafutwa baadaye: tiketi za treni, karata za posho za kambi ya kampuni, orodha za michango ya matanga, mihtasari ya mikutano ya vyama vya kusaidiana, hata bahasha tupu. Muhuri wa posta juu ya bahasha hutaja mji na tarehe ambavyo mara nyingi barua yenyewe haina. Kwa wahamiaji angalia hasa kijitabu cha kazi, kibali cha ukaazi, cheti cha ubatizo, na picha za studio zenye muhuri wa mpiga picha nyuma. Kwa wapenzi wa jinsia moja karatasi ni chache: barua, shajara, mialiko ya sherehe, vipeperushi vya kinga ya UKIMWI. Mengi yako ndani ya simu, na simu hufa haraka kuliko daftari.

Usidharau kilichoandikwa na watu wa chini. Mwaka 1965 watumishi wa nyumbani wa mji huu, maboyi kama walivyoitwa, waliandikiwa historia yao na André Yav kwa Kiswahili cha hapahapa. Zilikuwa kurasa chache za taipu. Leo wanahistoria wa ng'ambo wanazisoma kama moja ya hati kuu za Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi.

Nianze vipi?

Kabla ya kugusa chochote, piga picha ya sanduku likiwa wazi. Namna mwenyewe alivyopanga vitu vyake ni habari. Barua ikiwa ndani ya Biblia pamoja na picha fulani, kuna aliyezilaza pamoja kwa sababu yake. Kanuni ya jirani na hii Wafaransa waliiandika kama agizo mwaka 1841, na wahifadhi nyaraka bado wanaifuata: karatasi za mtu mmoja hazichanganywi na za mwingine, hata zikihusu jambo moja.

Halafu osha mikono, ikauke kabisa. Glovu za pamba hazifai kwa karatasi, kwa sababu vidole hupoteza hisia na kona zinakatika. Glovu za mpira, zile za duka la dawa, ni za picha, negativu na kitu chenye ukungu. Biki zibaki chumba kingine. Mezani pawe na penseli laini tu, 2B.

Nunua daftari la jalada gumu lenye kurasa zilizoshonwa, liwe daftari la mapokezi. Kila kitu kinapata namba kabla ya kupata maelezo: mwaka, namba ya pokezi, namba ya kipande, mfano 2025-003-0012. Andika tarehe, unene wa rundo kwa sentimita, hali ya karatasi, na masharti ya aliyeleta. Rimu ya karatasi 500 ina unene wa sentimita 5 hivi, kwa hiyo rundo la sentimita 10 ni kama karatasi 1,000. Ukilijua hilo hutamwahidi mtu kwamba kazi itakwisha Jumamosi.

Kwa nini mnasisitiza majina yakae mbali na karatasi?

Kwa sababu orodha ndiyo inayoumiza. Tarehe 30 Desemba 1977 polisi wa Toronto waliingia katika ofisi ya The Body Politic, gazeti la wapenzi wa jinsia moja, wakabeba makasha ya karatasi pamoja na orodha ya waliolipia kupokea gazeti. Tarehe 27 Machi 1943, mjini Amsterdam, wapinzani wa Wanazi walitia moto ofisi ya usajili wa wakazi ili kadi zisiendelee kuwafichua Wayahudi. Mmoja wa viongozi wao, Willem Arondeus, alikuwa mwanamume aliyependa wanaume bila kujificha. Aliuawa kwa risasi Julai mwaka huo. Na upande wetu wa Maziwa Makuu hakuna anayehitaji kuelezwa kadi za Rwanda zenye kabila zilifanya kazi gani kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994. Katanga yenyewe, mwaka 1992 na 1993, asili ya Kasai ilitosha kumtoa mtu nyumbani na kumlaza kwenye stesheni ya treni.

Kwa hiyo weka madaftari mawili. La kwanza ndilo la mapokezi: namba, maelezo, alama ya mtoaji. La pili ni ufunguo: alama hiyo ni ya nani, anapatikana vipi. Ufunguo uandikwe kwa mkono, uwe mmoja, ulale nyumba nyingine, usiingie kwenye simu ya mtu yeyote. Alama isiwe herufi za kwanza za jina wala mwaka wa kuzaliwa. Mtu wa Kamalondo, mtaa wa hapa mjini, atakisia kabla hujamaliza kunywa chai. Tumia namba za kubahatisha. Nje ya sanduku andika namba peke yake. Jina la faili kwenye kompyuta lisitaje mtu wala kundi, kwa sababu majina ya mafaili huonekana hata kabla faili halijafunguliwa.

Kosa linalotokea zaidi ni kudhani ruhusa ya aliyeleta inatosha. Barua ina watu wawili, na picha ya sherehe inaweza kuwa na kumi. Mwenye albamu anaweza kuruhusu uso wake tu; wengine wakiwa hai, ukurasa ule unafungwa.

Nikitaka kuonyesha hati hadharani, nafichaje jina?

Ficha kwenye nakala, kamwe si kwenye hati asilia. Na jihadhari: kisanduku cheusi kilichowekwa juu ya maandishi ndani ya PDF mara nyingi hufunika tu, na chini yake jina bado lipo, ukiyanakili maandishi na kuyabandika kwingine, linatokea. Njia rahisi isiyodanganya ni kuchapa nakala, kufunika jina kwa kipande cha karatasi nyeusi, kisha kuskani upya. Wino wa maka peke yake hautoshi, maana skana yenye mwanga mkali huona chini yake. Kumbuka pia nyuma ya karatasi: jina lililoandikwa kwa taipu huacha alama upande wa pili.

Hali ya hewa ya Lubumbashi inafaa karatasi?

Ina misimu miwili, na kila mmoja una madhara yake. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa ina maji mengi, na ukungu huanza kuota unyevu ukipita asilimia 65. Kuanzia Mei hakuna mvua. Vumbi jekundu linaingia kila mahali, na kufikia Septemba hewa ni kavu kiasi kwamba gundi ya vitabu inapasuka na picha zinajikunja. Kinachoharibu zaidi ni kupanda na kushuka kuliko kiwango chenyewe. Karatasi hunywa maji, hutanuka, hukauka, hujikaza, na kila mzunguko hukata nyuzi chache.

Vitabu vya kazi hii hupendekeza unyevu wa asilimia 35 hadi 50 na joto lisilozidi nyuzi 21. Bila kiyoyozi hutafika huko, na kiyoyozi kinachozimika kila umeme unapokatika ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Tafuta chumba cha katikati ya nyumba, chenye dari, kisicho na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, kisicho jirani na bafu wala jiko. Bati tupu bila dari halifai. Kipimo kidogo cha unyevu kinachotumia betri kitakuambia ukweli ambao pua haiujui. Wakati wa mvua fungua madirisha saa za mchana kukiwa kukavu na ufunge jioni. Siku nyingine feni inayozungusha hewa inatosha.

Masanduku yakae sentimita 15 juu ya sakafu na sentimita 10 kutoka ukutani. Rafu ya chuma iliyopakwa rangi ni bora kuliko ya mbao, kwani mbao hutoa asidi na huita mchwa.

Masanduku yasiyo na asidi hayapatikani hapa. Nitumie nini?

Karatasi ya kawaida ya fotokopi. Nyingi za siku hizi zina chokaa ndani yake, na hiyo huzuia asidi. Kama rimu imeandikwa ISO 9706, imekusudiwa kudumu, chukua hiyo. Kunja karatasi ya A3 iwe jalada, weka humo karatasi 20 hadi 30, kisha ulaze majalada ndani ya kartoni safi ambayo haijawahi kubeba chakula. Tandika ndani kitambaa cha pamba cheupe kilichofuliwa mara mbili bila wanga. Farde (majalada ya dukani) za rangi kali usiziguse, hasa nyekundu: zikilowa, rangi inahamia kwenye barua.

Magazeti yakae peke yake. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, inageuka ya kahawia yenyewe na kuichafua jirani yake. Risiti na faksi za karatasi laini ya joto zipige picha wiki hiyohiyo, kwa sababu maandishi yake hupotea hata gizani.

Mchwa, mende na panya?

Mchwa hawaji kwa karatasi, wanakuja kwa njia. Kila Ijumaa pitisha tochi nyuma ya rafu utafute vijia vya udongo ukutani. Ukikuta kimoja, ondoa masanduku kwanza, udongo baadaye. Dawa ya kupuliza isiguse karatasi hata kidogo, na naftalini isiwekwe ndani ya sanduku. Harufu yake inaingia kwenye picha na plastiki, na mapafu ya msomaji nayo yanaipata. Chakula kisiingie chumbani. Hapa hatuna subira na mtu yeyote: ni kwa sababu ya biskuti moja panya hutafuna rejista nzima.

Wadudu wakiwa tayari ndani ya karatasi, friza ndiyo dawa. Funga vitu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo maji ya hewa yatatua juu ya karatasi baridi. Umeme ukikatika siku ya tisa na friza ikayeyuka, hesabu inaanza upya. Picha za kioo zisiingie friza.

Je, niplastifiye vyeti vya zamani ili visiharibike?

Hapana. Mashine inayeyusha gundi ndani ya nyuzi za karatasi kwa joto, na hakuna anayeweza kuirudisha nyuma bila kuichana. Asidi inafungiwa ndani, muhuri uliochapwa kwa wino hufifia, na karatasi inaendelea kuoza ndani ya kioo chake. Cheti kilichokwisha kuplastifiwa kiache hivyo, kiskani, kisikunjwe.

Na skochi, pini, vibanio?

Skochi hugeuka manjano, gundi yake inapenya, inaacha doa lisilotoka. Karatasi iliyochanika haihitaji kuunganishwa. Inahitaji kulazwa vipande vyake pamoja ndani ya jalada. Pini zilizoota kutu zitoe kwa kufungua miguu yake kutoka nyuma kwa kisu butu chembamba, ukiwa umeteleza kipande cha plastiki ngumu kati ya pini na karatasi. Mashine ya kung'oa pini inang'oa na karatasi. Barua zilizoshikamana kwa ukungu usizitenganishe kwa nguvu.

Albamu za picha?

Zile zenye kurasa za gundi na plastiki juu ndizo mbaya kuliko zote. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha taratibu, kwa mwendo wa msumeno, uanzie kona. Ikikataa, iache na uiskani ikiwa palepale. Kabla hujatoa hata moja, piga picha ya kila ukurasa mzima, maana mpangilio na maelezo ya pembeni ndiyo albamu yenyewe.

Nyuma ya picha za zamani za karatasi andika namba kwa penseli laini, pembezoni, ikilala juu ya kitu kigumu. Picha za rangi za miaka ya 1980 na kuendelea zina plastiki nyuma, na penseli haishiki. Andika kwenye bahasha kabla ya kuingiza picha. Plastiki yenye harufu kali ya upya ni ya aina inayotoa klorini, usiitumie. Negativu zenye harufu ya siki zimeanza kuoza na zinaambukiza nyingine. Zitenge leo, ziskani kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna barua za sauti kwenye kaseti.

Hizo ni hazina, na zinaisha. Familia nyingi zilizotawanyika kati ya Lubumbashi, Zambia, Afrika Kusini na Ubelgiji zilitumiana sauti badala ya maandishi, tena kwa lugha ya nyumbani. Kwanza vunja vile vidoto viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake. Kagua kwa dirisha lake: vumbi jeupe juu ya utepe ni ukungu, usiicheze. Ikiwa safi, ipeleke hadi mwisho na kuirudisha mara moja bila kusimama ili utepe ulegee sawasawa. Kaseti za dakika 120 zina utepe mwembamba sana na hukwama; anza na mashine uliyoijaribu kwa kaseti isiyo na thamani. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti safi.

Rekodi kwa WAV, 48 kHz, biti 24, chaneli moja kwa sauti ya mtu mmoja. Saa moja itachukua MB 520 hivi. Hakuna njia ya mkato: kaseti ya saa moja inataka saa moja. Zihifadhi zikiwa zimesimama wima, mbali na spika.

Mvua imeingia. Nifanye nini?

Una saa 48 kabla ukungu haujaanza. Usipange kwenye jua. Tandaza ndani, kwenye kivuli, feni ielekee ukutani na si kwenye karatasi, katikati ya kila karatasi kumi weka karatasi tupu na uibadilishe inapolowa. Vitabu visimamishwe vikiwa wazi kidogo kama feni. Picha zilizoshikamana ziingize kwenye beseni la maji safi ya baridi, ziachane zenyewe, kisha zikauke uso ukitazama juu. Vikiwa vingi kuliko mikono, weka kwenye mifuko ndani ya friza na uvishughulikie kidogo kidogo mwezi ujao. Wino wa biki huvumilia maji. Wino wa kalamu ya kuchovya na wa mihuri hukimbia, hivyo karatasi hizo zitangulie.

Niskani kwa kiwango gani?

Maandishi kwa dpi 300, picha na karatasi ndogo kwa 600, negativu kwa 2400 au zaidi. Hifadhi nakala mama kama TIFF, kisha toa JPEG au PDF ya kusomwa. Ukurasa mmoja wa A4 wa rangi kwa dpi 300 una MB 26, na kurasa 1,000 zinakaribia GB 26. Diski ya TB 1 inakutosha kwa miaka. Skani rangi hata kama hati ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu rangi ya wino na ya karatasi husaidia kujua umri. Skani na nyuma, hata ikiwa tupu yenye doa tu.

Bila skana, simu inafaa. Ilaze karatasi karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, simu iwe sambamba kabisa na meza, zima flashi, weka rula pembeni ionyeshe ukubwa. Zima utambuzi wa mahali kwenye kamera kabla ya picha ya kwanza, la sivyo kila faili litabeba nyumba uliyokuwamo. Na usitume kwa WhatsApp kama picha, kwani inaibana hadi maandishi madogo yanakufa. Tuma kama dokumenti, au bora usitume kabisa.

Usiende kuskani kwenye nyumba ya fotokopi ya mtaani hati yenye jina la mtu aliye hai. Mashine nyingi hukumbuka kurasa walizopitisha, na flashi yako inarudi nyumbani na virusi.

Nakala ngapi?

Tatu: mbili mjini kwenye vifaa viwili tofauti, moja mji mwingine. Aliyekuwa na nyaraka zote nyumba moja ya Goma tarehe 17 Januari 2002 hakuwa na lolote la kufanya lava ilipopita katikati ya mji; Nyiragongo ikarudia Mei 2021. Mei 1933, huko Berlin, vitabu na mafaili ya taasisi ya Magnus Hirschfeld, daktari aliyechunguza mapenzi ya jinsia moja, vilichomwa uwanjani, na vingi havikuwa na nakala popote.

Fungia diski kwa programu kama VeraCrypt. Nenosiri liwe la maneno sita yasiyohusiana. Anayelijua asiwe ndiye anayekaa na diski, na wawe watu wawili wanaolijua: nenosiri likisahauliwa, hakuna fundi wa kulifungua. Mara moja kwa mwaka fungua kila diski, hesabu mafaili, linganisha alama za SHA-256 (namba ndefu ambayo kompyuta hulipa kila faili, nayo hubadilika faili likiharibika) ulizoandika mwanzoni. Badilisha diski kila baada ya miaka mitano hivi. Flashi si hifadhi, ni ya kubebea.

Jina la mtu lipo kwa namna tatu. Nilisajili vipi?

Yote matatu. Mtu aliyebatizwa Joseph akafanya kazi Union Minière, kampuni ya shaba, kwa jina hilo, baada ya 1972 aliacha jina la Kizungu kwa amri ya serikali ya Zaire, na baada ya 1990 huenda akalirudia. Karatasi zake zinaonekana kama za watu watatu. Chagua jina moja la kusajili, mengine yaelekeze kwake. Fanya vivyo hivyo kwa miji: Elisabethville hadi 1966, Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie, Costermansville ni Bukavu. Andika jina lililo kwenye hati, kisha la leo ndani ya mabano.

Lugha usiisahihishe. Mwandishi akiandika "batu", acha "batu". Kiswahili cha Lubumbashi hakihitaji visa ya Zanzibar.

Na maneno ya kuwaelezea watu? "Shoga" ni tusi?

Kinywani mwa wengi, ndiyo. Wengine wamejiita hivyo kwa hiari. Nakili neno alilotumia mwenyewe, ndani ya alama za kunukuu, na kwenye maelezo yako tumia "wapenzi wa jinsia moja". Ikiwa mwenyewe hakujiita chochote, nawe usimwite chochote. Picha ya studio ya miaka ya 1960 ya wanaume wawili walioshikana mikono haisemi walikuwa wapenzi. Hapa marafiki hushikana mikono, na ndugu pia. Andika kinachoonekana: wanaume wawili, suti, mkono kwa mkono, studio fulani. Msomaji wa miaka 50 ijayo atajua zaidi yetu.

Sheria inasemaje?

Kongo haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Kuna kifungu cha 176 cha kanuni ya adhabu kuhusu maadili ya hadharani, ambacho hutumika kutishia watu, na katiba ya 2006, kifungu cha 40, inazungumzia ndoa ya watu wa jinsia tofauti. Zambia ni habari nyingine: huko sheria inaadhibu kwa kifungo kirefu, kwa hiyo hati asilia za namna hii zisipite mpaka wa Kasumbalesa ndani ya begi la mtu. Nyaraka kwa jumla ziko chini ya sheria ya tarehe 11 Julai 1978, na taarifa binafsi za kidijitali chini ya kanuni ya dijitali ya Machi 2023. Kabla ya kufungua hifadhi kwa umma, kaa na mwanasheria nusu siku.

Nani anaweza kupokea mkusanyiko?

Za wahamiaji na za kazi: Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi ndio majirani wa kwanza. Anayetafuta faili la babu yake wa mgodini ajue kwamba baadhi ya kumbukumbu za kampuni ya Union Minière ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ubelgiji, Brussels. Kwa wapenzi wa jinsia moja, hifadhi ya GALA ipo Johannesburg tangu 1997, katika nchi ambayo katiba inakataza ubaguzi huo. Mbali zaidi kuna Lesbian Herstory Archives ya New York, ya 1974, na IHLIA ya Amsterdam.

Hati asilia isitoke mkononi bila mkataba wa maandishi. Uliza: nani atasoma, kuanzia lini? Nikibadili nia, inarudi? Nakala ya kidijitali inabaki Lubumbashi? Hifadhi ikifungwa, vitu vinakwenda wapi? Asiyejibu swali la mwisho hajaifikiria kazi yake. Kufunga kwa miaka 30, 50 au hadi kifo cha waliotajwa ni jambo la kawaida, omba bila aibu.

Familia inataka kuchoma barua za marehemu.

Omba siku tatu, si ruhusa ya milele. Eleza kwamba sanduku linaweza kufungwa miaka 50 bila mtu yeyote kusoma, nje pakiwa na namba tu. Mara nyingi kinachoogopwa ni majirani, si karatasi. Zungumza na shangazi au baba mkubwa ambaye neno lake linasikika, wala usipitie kwa kijana. Usiskani kwa siri. Ukibainika, hakuna familia nyingine itakayokufungulia mlango. Na kama aliye hai, mwandishi mwenyewe, anataka barua zake zichomwe, zinachomwa.

Nikilazimika kutoka nyumbani ndani ya dakika kumi, nichukue nini?

Daftari la ufunguo kwanza, kama liko kwako, limo majina. Kisha diski. Kisha sanduku moja uliloliweka karibu na mlango tangu mwanzo, lenye vitu visivyo na nakala: kaseti ambazo bado hazijarekodiwa, negativu, barua za mkono. Lisizidi kilo 10, na uwe umejaribu kulibeba kwenye ngazi zote. Yaliyobaki yafunike kwa turubai, ufunge mlango.